Mchoro wa Watu Mia: Mwongozo Kamili wa Kumweleza Mteja Faida na Hatari za Uchunguzi wa Saratani

Muuguzi anasema, "Majibu ni chanya, lakini usiogope." Mteja analibeba neno moja tu, chanya. Akifika getini ameshapiga simu nyumbani kwamba ana saratani. Mwingine aliyeambiwa hasi anaondoka akiamini amekingwa maisha yake yote, na miaka miwili baadaye akianza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa anakaa kimya, kwa sababu "mimi nilishapimwa".

Wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofanya kazi hii wanajua kueleza. Wengi wamejaribu hata kuchora. Lakini wanachora kizazi chenyewe, au duara lililokatwa vipande vya asilimia, na mteja anatikisa kichwa kwa heshima huku hajaelewa. Anachohitaji ni kuona watu: kati ya wanawake mia kama yeye, wangapi watapata jibu gani, na baada ya hapo nini kitawapata.

Mwongozo huu unatumia mfano wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kipimo cha VIA, kile cha kupaka asidi ya siki na kuangalia kwa macho, kwa sababu ndicho kipimo kinachofanyika kwenye vituo vingi vya Tanzania na Kenya. Mwishoni kuna sehemu ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, ambacho mchoro wake una ugumu wa aina yake.

## Vifaa

- Karatasi za A4, au karatasi ya daftari la hesabu yenye vijisanduku
- Penseli, rula na kifutio
- Kalamu moja nyeusi yenye ncha nene
- Rejesta ya uchunguzi ya kituo chako, ya miezi 12 iliyopita au zaidi
- Kikokotoo, cha simu kinatosha
- Mahali pa kutoa fotokopi
- Sinia na punje 100 za maharage ya rangi mbili au tatu, kwa wateja wasiozoea michoro

Kalamu za rangi si lazima, na ni bora usizitegemee. Mchoro utatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na hapo nyekundu na kijani vyote vinakuwa kijivu kilekile. Tena kwa mteja wa kliniki rangi nyekundu ina maana zake tayari, kabla hujafungua mdomo.

## Hatua ya 1: Andika swali moja juu ya karatasi

Karatasi moja hujibu swali moja. Swali la kwanza liwe hili: "Wanawake 100 wakija kupima VIA hapa, wangapi hupata jibu gani?"

Kosa la kawaida ni kubandika kila kitu pamoja: dalili, visababishi, chanjo, ratiba, na picha ya utepe. Mteja akikutana na karatasi ya namna hiyo anatafuta picha nzuri na kuishia hapo. Chanjo ya kuzuia HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, ni jambo muhimu kwa binti yake, lakini ina karatasi yake na siku yake.

Umefaulu kama mtu mwingine akisoma kichwa cha karatasi anaweza kukisia mchoro utakaofuata.

## Hatua ya 2: Toa namba kwenye rejesta yako

Usichukue namba za kwenye mtandao. Kituo chenye wateja wengi wanaoishi na VVU hakitapata namba sawa na kituo kingine, na jicho la mpimaji mmoja si la mwingine.

Rejesta ya VIA huwa na majibu ya aina tatu: hasi, chanya, na shuku ya saratani. Hesabu kila aina ukifuata masharti haya.

Hesabu mtu, usihesabu mahudhurio. Mwanamke aliyerudi kwa ufuatiliaji baada ya tiba asihesabiwe mara ya pili.

Watoe waliokuja na dalili. Aliyekuja kwa sababu anatokwa damu hakuja kwa uchunguzi wa kawaida, amekuja kutafuta ugonjwa. Ukimweka humo, unamtisha mwanamke mzima aliyekuja kwa hiari.

Wanaoishi na VVU wawe na mchoro wao. Shirika la Afya Duniani linasema uwezekano wao wa kupata saratani hii ni mara 6 ya wengine. Ukiwachanganya, mchoro utakuwa wa uongo kwa pande zote mbili.

Kama umepata wanawake chini ya 300 hivi, usichore bado. Namba ndogo huyumba: mteja mmoja wa shuku kati ya 40 atakufanya useme kwamba wawili au watatu kati ya kila mia wana shuku. Omba takwimu za wilaya kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, au kwa mtu wa takwimu anayeingiza taarifa kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya), kisha uandike kwenye mchoro kwamba ni namba za wilaya.

Kwa mwongozo huu tuchukulie kituo cha kufikirika kilichopima wanawake 600: hasi 552, chanya 42, shuku 6. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Usizinakili.

## Hatua ya 3: Zigeuze ziwe kati ya watu 100

Gawa kila namba kwa 600, kisha zidisha kwa 100.

- Hasi: 552 ÷ 600 × 100 = 92
- Chanya: 42 ÷ 600 × 100 = 7
- Shuku: 6 ÷ 600 × 100 = 1

Jumla ni 100. Isipotimia mia kwa sababu ya kukadiria, rekebisha kundi kubwa zaidi, usiguse dogo. Kundi likiwa chini ya mtu 1 kati ya 100, hamia kwenye watu 1,000 kwa makundi yote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usichanganye mizani. Ukisema "mmoja kati ya 25" halafu "watatu kati ya 200", msikilizaji husikia moja na tatu, na ataona ya pili ndiyo kubwa. Kumbe ya kwanza ni 4 kati ya 100 na ya pili ni 1.5 tu. Namba ya chini ibaki ileile kutoka mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho.

Usiseme "mara mbili zaidi" bila kusema mara mbili ya ngapi. Oktoba 1995 huko Uingereza, madaktari na wananchi walitangaziwa kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Ukweli ni kwamba ilitoka mwanamke 1 kati ya 7,000 ikawa 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi waliacha vidonge, na mimba zilizotolewa England na Wales mwaka uliofuata ziliongezeka kwa makadirio ya 13,000. Hakuna aliyedanganya. Namba ilitolewa bila watu wake.

Na ile namba ya mara 6 niliyoitaja kwenye Hatua ya 2 ni ya kukuelekeza wewe mhudumu. Usimtamkie mteja mwenye VVU bila mchoro wa namba zake.

## Hatua ya 4: Chora

Laza karatasi ya A4 wima. Kwa penseli, chora mraba wa sentimita 15 kwa 15, ukiacha sentimita 3 kila upande. Ugawe uwe na safu 10 na mistari 10. Kila kijisanduku kitakuwa na sentimita 1.5. Juu itabaki nafasi ya kichwa, chini nafasi ya maelezo.

Ndani ya kila kijisanduku chora mtu: duara dogo la kichwa na mwili wa pembetatu. Usichore nyuso zinazocheka au kulia. Ukishachora uso unaolia umeshamwambia mteja ahisi nini, na kazi yako ni kumpa picha aamue mwenyewe.

Sasa jaza makundi kuanzia kona ya juu kushoto:

1. Mtu 1 wa shuku: mjaze wino wote.
2. Watu 7 wa chanya: wachoree mistari ya mshazari.
3. Watu 92 wa hasi: waache weupe.

Walio kundi moja wakae pamoja, mfululizo. Ukiwatawanya karatasi nzima, utaonyesha kweli kwamba jambo linaweza kumpata yeyote, lakini mteja hawezi kuwahesabu kwa jicho, atabaki na hisia kwamba wako kila mahali.

Chini andika maelezo matatu mafupi, kila moja likiwa na mtu wake pembeni:

- 92 hasi. Hakuna mabadiliko yaliyoonekana leo. Rudi tarehe uliyopewa. Ukiona damu isiyo ya hedhi, njoo mapema.
- 7 chanya. Kuna mabadiliko ambayo si saratani. Mengine yangeisha yenyewe, mengine yangeendelea. Tunatibu ili yasiendelee.
- 1 shuku. Anahitaji kipimo cha nyama (kipande kidogo huchukuliwa na kupimwa maabara) ili tujue kama ni saratani au la. Anapewa rufaa.

Kwenye maelezo ya 7 wengi hushawishika kufuta maneno "mengine yangeisha yenyewe". Yaacheni. VIA haiwezi kututenganishia nani angepona bila tiba. Hata uvimbe wa kawaida wa maambukizi unaweza kugeuka mweupe ukipakwa asidi. Hiyo ndiyo gharama ya uchunguzi huu: baadhi ya wanawake wanatibiwa kitu ambacho kisingewadhuru. Baada ya mabadiliko hayo kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi, mwanamke hutokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na huambiwa asifanye tendo la ndoa kwa wiki 4. Nyumbani kwa watu wengine wiki hizo nne ni jambo zito. Ana haki ya kulijua kabla hajapanda kitandani.

Umefaulu kama mtu aliyekaa ng'ambo ya meza anaweza kuhesabu wale 7 bila kuinama. Toa fotokopi, kisha fotokopi ya ile fotokopi. Kama mshazari bado unaonekana, mchoro umekamilika.

## Hatua ya 5: Ongeza mstari wa miaka nyuma ya karatasi

Mchoro wa watu mia unaonyesha wangapi. Hauonyeshi lini, na hofu nyingi ya neno chanya inatokana na kudhani kifo kiko mlangoni.

Laza karatasi kwa ulalo na uchore mstari wa sentimita 20. Kila sentimita ni mwaka mmoja. Upande wa kushoto andika "seli zinaanza kubadilika", na kati ya alama ya 15 na ya 20 andika "zinaweza kuwa saratani". Huo ndio muda wa kawaida kwa mwenye kinga nzuri ya mwili. Chini yake chora mstari wa pili wenye sentimita 10, na alama kati ya 5 na 10: huo ni kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa.

Kisha weka alama ya tiki kila miaka 3, au kila muda ambao mwongozo wa wizara unaelekeza kwa VIA. Mteja anaona kwa macho yake kwamba kabla ya kufika kule mwisho kuna nafasi nyingi za kulikamata jambo. Anaona pia kwa nini kipimo kimoja hakitoshi.

Kama kituo chako kinatumia kipimo cha HPV, mara nyingi kwa mteja kujichukulia sampuli mwenyewe, ongeza sentensi moja: maambukizi mengi ya HPV huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Na mwambie wazi kwamba kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kwa hiyo jibu chanya halisemi nani alitoka nje ya ndoa wala lini. Usipolisema wewe, swali hilo litajibiwa nyumbani, tena vibaya.

## Hatua ya 6: Mjaribie mtu asiye wa afya

Usianze na mteja. Mwonyeshe mlinzi, mama wa usafi, muuza matunda wa nje ya geti. Mwulize mambo matatu tu: "Hapa wangapi wamepata chanya?", "Hao wana saratani?" na "Hawa weupe wamemaliza?"

Akikosa swali la kwanza, tatizo ni mchoro. Akikosa la pili au la tatu, tatizo ni maneno ya chini. Rekebisha ukamjaribie mtu mwingine, si yuleyule. Wa kwanza ameshafundishwa.

## Hatua ya 7: Keti na mteja, kabla ya kipimo

Kabla. Mtu aliyekwisha kusikia "chanya" hana nafasi kichwani ya kuhesabu watu mia.

Kaa upande mmoja naye, karatasi ikiwa mbele yenu wote. Zungumza polepole, kidole kikifuata unachosema:

"Mama, hawa ni wanawake mia waliokuja hapa kupima kama ulivyokuja wewe. Hawa tisini na mbili hatukuona kitu siku hiyo. Hawa saba tuliona mabadiliko, si saratani, tukazungumza nao tiba. Huyu mmoja tulimpeleka hospitali akaangaliwe zaidi. Kabla ya kupima, hatujui wewe utakuwa wapi."

Kisha nyamaza. Mwache aangalie. Ukimya huu unawatia wahudumu wengi wasiwasi, wanaujaza kwa maneno, na mteja anapoteza hesabu.

Onyo: usimguse mtu mmoja kwenye mchoro ukasema "wewe ni huyu". Hata kwa mfano. Majibu yakitoka, rudisha karatasi ileile na uzungushe kalamu kwenye kundi lake lote: "Uko na hawa saba." Atajiona yuko na wenzake, na maelezo ya kundi hilo anayakumbuka tayari.

## Hatua ya 8: Mwombe akueleze yeye

Usimwulize "Umeelewa?" Kwa adabu zetu jibu ni "ndiyo, nesi" hata kama hakuelewa neno. Mpe kazi: "Dada, ukifika nyumbani mzee akakuuliza kipimo hiki kina maana gani, utamwambiaje? Nielezee kwa karatasi hii."

Msikilize. Ukisikia "saba walikuwa na mabadiliko, wakatibiwa yasiwe saratani", umefaulu. Ukisikia "saba walikuwa na saratani", usimsahihishe kwa kurudia hotuba yote. Rudi kwenye wale saba tu, soma maneno ya chini, mwombe tena.

Kufaulu si kukubali kupima. Mwanamke aliyeelewa akasema atakuja wiki ijayo baada ya kuzungumza na mume wake ameelewa, na mchoro umefanya kazi. Mpe nakala aondoke nayo.

## Kwa wateja wasiozoea michoro

Kuna mabibi na kina mama wengi ambao karatasi yenye vijitu mia ni fumbo kwao. Tumia maharage. Kwenye sinia panga punje 92 nyeupe, 7 nyekundu na 1 nyeusi, kwa mistari ya kumikumi kama kwenye karatasi, na umwachie azisogeze mwenyewe kwa mkono.

Usimwambie afumbe macho achague punje moja ili "aone bahati yake". Darasani zoezi hilo linapendeza. Kliniki, mama akiibuka na punje nyeusi anaondoka na ndege mbaya, na hakuna maelezo yatakayoitoa punje hiyo moyoni mwake.

## Kipimo cha PSA: mchoro wa watu 1,000

Kambi za upimaji bure wa tezi dume zimekuwa nyingi, na wazee wetu wanaambiwa faida peke yake. Hapa mia haitoshi, kwa sababu faida ni ndogo kuliko mtu 1 kati ya 100.

Laza A4 kwa ulalo. Chora miraba 10, kila mmoja sentimita 5 kwa 5 wenye vijisanduku 100 vya milimita 5. Ipange mitano juu na mitano chini. Jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga na uchunguzi, USPSTF, lilitoa mwaka 2018 makadirio ya wanaume 1,000 wa miaka 55 hadi 69 wakifuatiliwa kwa takribani miaka 13:

- 240 watapata PSA iliyopanda
- 100 kati yao watakutwa na saratani kwenye kipimo cha nyama. Wengine walishtuliwa bure
- 80 watapata upasuaji au mionzi, mapema au baadaye
- 50 watabaki na tatizo la nguvu za kiume, 15 watashindwa kuzuia mkojo
- 3 wataepuka saratani kusambaa mwilini, na takribani 1 ataepuka kifo
- 5 watakufa kwa saratani hiyo hata baada ya kupimwa

Miraba miwili mizima na mistari minne ya mraba wa tatu ndiyo wale 240. Waliopata madhara na aliyeokoka wawekwe kwenye karatasi moja, kwa ukubwa mmoja. Kumchora aliyeokoka mkubwa na walioumia wadogo ni kumdanganya mzee wa watu.

Andika chini ya mchoro kwamba namba zinatokana hasa na tafiti za Ulaya na Marekani, ambako wanaume weusi walikuwa wachache. Huko Marekani mwanaume mweusi ana uwezekano wa kufa kwa saratani ya tezi dume unaokaribia mara mbili ya mweupe, kwa hiyo faida kwa wanaume wetu huenda isiwe sawa na hii. Mzee ambaye mkojo unatoka kwa shida, au una damu, hahitaji mchoro huu: huyo ana dalili, apelekwe kwa daktari siku hiyo.

## Kutunza na kubadilisha

Weka mchoro kwenye bahasha ya plastiki au uupitishe laminesheni. Usiubandike ukutani kwenye foleni. Bila mtu wa kuueleza, wateja watauelezana wenyewe.

Pembeni chini andika namba zimetoka wapi, miezi gani, na wanawake wangapi. Mpimaji akibadilika, au kituo kikihama kutoka VIA kwenda kipimo cha HPV, mchoro wa zamani utolewe siku hiyohiyo. La sivyo uhesabu upya kila Januari, rejesta ya mwaka uliopita ikishafungwa.